Kiti cha Pweza Kilichovimba

Jana mjukuu wangu kaniletea kiti cha pweza kikavu, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, kutoka ufuoni Kipini. Kakiweka mapajani mwangu, akashangaa kuona nyanya yake analia. Nawe mwenzangu ungelia, kama ungelijua.

Nilitoka Kulesa, bara huko juu ya mto, nikiwa sina meno ya mbele. Mama alikuwa amefariki, na dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kipini, akasema nikae naye. Miaka ikapita, dada hashiki mimba. Mama mkwe wake hakumumunya maneno. Kila akinipakulia wali wa nazi alinung'unika kwamba mtoto wa watu ndiye anayefunga tumbo la dada, na mwezi ukiandama nirudishwe kwetu. Kwetu kwa nani, jamani? Nikawa nakula nusu sahani, nisionekane mlaji.

Siku moja maji yamekupwa, nikaokota kiti cha pweza kimevimba mgongo. Nikamkimbilia dada. "Kina mimba hiki!" Akacheka mpaka akakaa chini, akasema basi ni dalili njema, tukitunze. Nikakitia chunguni, nikakijazia maji safi kabisa, yale ya mto tuliyokunywa. Mtoto wa Kulesa mimi, ningejuaje kwamba maji matamu yangekiua? Asubuhi nikakikuta kimelegea tepetepe. Nililia wee!

Jirani yetu, mwanamke aliyezoea kuchokoa pweza mwambani, akakipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na kitu cha manjano chenye matawimatawi, kimejaza nafasi yote. Alipokitumbua vikamwagika vijitoto vidogo kama chembe za unga wa mtama.

"Si vyake hivi," akasema. "Ni vya mdudu, jamii ya kamba, aliyeingia akazalia humu. Kiti cha pweza chenye mgeni huyu hakizai tena."

Mama mkwe akanitazama. Kisha akalitazama tumbo la dada. Nikaingia ndani kufunga kijishuka changu.

Dada alinifuata, akaninyang'anya kile kifurushi, akatoka nacho uani. Akamgeukia mama mkwe. "Mama, nakuheshimu. Lakini huyu hakuingia mwenyewe, nilimleta mimi. Akirudi Kulesa, tunarudi wawili."

Shemeji yangu, mtu asiye na maneno mengi, akanisogezea sinia ya wali. Siku hiyo nilikula mpaka nikashiba.

Dada hakuzaa kamwe. Mama mkwe alipougua, mimi ndiye niliyemnywesha uji, naye akawa haukubali mkono mwingine. Ile nyumba mto umeshaila, na pale uani siku hizi wanapita samaki. Jirani naye hayupo.

Dada tulimzika mwaka huu. Walipomwosha, mmoja akatoka mlangoni akauliza kama marehemu ana binti, aje ammiminie maji ya mwisho. Nikainuka, nikakunja mikono ya nguo, nikaingia.