Ukuta wa Maman Furaha

Leo niligonga ukuta, na ukuta ukanijibu.

Bon, musicheke kwanza.

Nilikuwa nimemaliza kubandua karatasi za zamani kwa chumba changu, hapa Schaerbeek, kwa wazungu. Mbele ya kupaka rangi, unagonga plasta na kidole, polepole, kila fasi. Pale inalia tupu imeachana na tofali, donc unaitoa.

Ko, ko, ko.

Kule ngambo ya ukuta, kitu kizito kikaanguka.

Kule anaishi Maman Furaha, mama muzee wa Kivu, yeye peke yake. Nikakimbia kwake. Niliita jina yangu weee, ndipo akafungua.

Mapazia yamefungwa. Kiti kimelala chini. Yeye amevaa koti na viatu, sac ya nguo mukononi.

"Ni wewe ulikuwa unagonga?"

"Ni mimi, maman. Natafuta plasta mubovu."

Akakaa chini pale kwa mulango. "Kwetu watu wa bunduki walikuwa wanagonga vile, wasikie kama kuko muntu."

Sasa yuko kwangu, bado na koti.

"Gonga, mwanangu," anasema. "Nikuone ukigonga, nijue ni wewe tu."

Kidole kinakataa. Ninyi mungegonga?