Panya wa Boriti Moja

Nakumbuka asubuhi moja kule Kawangware, ploti nzima ya wapangaji iliamshwa na kelele za kaka yangu Makokha. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa kijana wa kulala kwa kaka na kula kwa kaka. Alisimama mlangoni na tundu lake la matete mkononi, na ndani ya tundu ndege wake alikuwa ametafunwa kidole cha mguu.

Ndege huyo, mwanangu, hakuwa kasuku wala njiwa kama hao wako. Alikuwa kware, kwetu tunamwita isindu. Huko Magharibi wazee humtundika kwenye mlingoti mrefu shambani, aimbe alfajiri awaite wenzake wa porini waje kunaswa. Nairobi hakukuwa na kware wa kunasa. Makokha alimfuga kwa ajili ya sauti tu, akimlisha punje za wimbi, na watu wa kwetu waliokuwa wakienda vibaruani walipunguza mwendo wakifika dirishani petu. Nilimwonea ndege huyo wivu kidogo, maana mimi hakuna aliyenipunguzia mwendo.

Kaka alilitundika tundu kwenye boriti, akisema kilicho juu kiko salama. Shambani, juu ya mlingoti uliosimama peke yake, ni kweli. Lakini vyumba vya ploti hupangwa mstari mmoja chini ya paa moja, na boriti yetu ilipenya ukuta wa udongo mpaka chumbani kwa jirani, Mama Atieno, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kwa panya, hiyo ndiyo barabara kuu.

Kaka hakuitazama boriti. Alimtazama jirani.

"Ni omena yako inaleta panya hapa!"

"Omena yangu iko ndani ya debe, na debe iko na kifuniko," Mama Atieno akamjibu. "Na hiyo wimbi ya ndege yako, imefunikwa na nini?"

Makokha akamtukana. Sitayarudia maneno yale. Yalimhusu samaki, kisha yakamhusu mama mzazi wa mtu.

Mwenye ploti, mama mzee Mkikuyu tuliyemwita Cucu, yaani bibi, alitoka na leso yake begani, akamwamuru kaka apande kitandani apapase boriti. Mkono wake ulirudi na maganda ya wimbi na mavi ya panya. Pale boriti ilipoingia ukutani palikuwa na shimo.

"Makokha, wewe unafuga ndege ama unafuga panya?" Cucu akamuuliza. "Mnapigana hapa chini na wao wanapita huko juu. Muombe huyu mama msamaha, halafu mzibe hiyo shimo na bati, wewe upande yako, yeye upande yake. Upande moja haitoshi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka alilisikia agizo hilo nusu. Alifagia wimbi lote, akapigilia bati upande wetu, tena kwa ufundi. Msamaha ndio uliomkwama kooni. "Mimi nimuombe msamaha muuza omena?" aliniambia, nyundo mkononi.

Panya hawaogopi nyundo ya mtu mwenye kiburi. Walichimba udongo kutokea upande wa jirani, wakalizunguka bati, wakashuka tunduni. Wiki ile haikuisha kabla hatujamkuta kware amelala chali, kifua wazi. Nililia, na sikuwa mtoto.

Hapo ndipo kaka alipokwenda kwa Mama Atieno, kofia mkononi. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha nyuma ya mlango wake. Palikuwa na kipande cha bati kilichokatwa tayari, na misumari imefungwa kwenye karatasi.

"Nilikata siku ile ile Cucu alisema," akasema. "Nilikuwa nangoja ubishe mlango."

Basi, mwanangu, umekuja kuniuliza habari ya ndege wako na panya. Chakula cha ndege kiondoe jioni, na punje zilizomwagika zifagie. Tundu litundike kwa waya mrefu, mbali na ukuta, na juu yake pitisha waya huo katikati ya kifuniko cha mkebe ili panya ateleze. Sumu usitie, ndege naye hula kilichoanguka. Na mashimo yazibe mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukiishi chini ya paa moja na wenzako, hayo yote ni nusu ya kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama una neno baya na jirani, limalize hilo kwanza, kabla ya bati, ubishe hodi leo.

Nenda salama. Mungu awatunze ndege wako, akupe jirani mwenye subira, na akulainishie ulimi mapema kuliko alivyomlainishia kaka yangu.