Jiwe Kwenye Mguu wa Shangazi

Shangazi yangu alianguka kutoka juu ya kabichi. Ndivyo tulivyokuwa tukisimulia nyumbani, kana kwamba kabichi ni mti. Ukweli ni kwamba kabichi zilikuwa kwenye lori, lori lilikuwa linateremka kutoka Lushoto kwenda Soni, na yeye alikuwa amekaa juu ya mzigo wake kama kawaida, safari ya Dar es Salaam. Kwenye kona moja alisimama ili amwelekeze dereva namna ya kupishana na basi. Dereva alikuwa mbele, hamwoni wala hamsikii. Tawi la mkaratusi ndilo lililomwona.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini kila siku ya gulio, na mtu yeyote mwenye kabichi na roho ngumu aliweza kupanda lori akauze mjini mwenyewe bila kuuliza chama cha ushirika. Shangazi alikuwa mjane, na roho ngumu alikuwa nayo tangu utotoni. Kijijini kwetu, upande wa Kwai, ndiye mwanamke wa kwanza kulala safarini juu ya matenga pamoja na utingo, na utingo ndio waliomwogopa.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yalikuwa yametoka na hakuna aliyependa kuyazungumzia. Kwa hiyo ukoo ulipokaa kumtafuta msichana wa kumuuguza Shangazi, kikao hakikuchukua muda. Nilifunga khanga mbili na sufuria, nikaenda hospitali, nikakaa huko hadi nikajua majina ya paka wote. Tangu hapo nimehama miji mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Sikai mahali nikazoea. Lakini nikipita popote penye wodi na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, najikuta natafuta mahali pa kuinjika makande.

Mfupa uliovunjika ulikuwa wa paja. Daktari alikuwa kijana mpole aliyekulia nchi tambarare, na milima yetu ilimtoa pumzi. Alipitisha chuma chembamba chini ya goti, akafunga kamba kwenye kile chuma, akaipitisha kamba juu ya kigurudumu miguuni mwa kitanda, na mwisho wa kamba akaning'iniza jiwe ndani ya mfuko wa turubai. Akatueleza vizuri sana, mimi, Shangazi, na baba yangu ambaye ni mdogo wake Shangazi.

"Jiwe linauvuta mguu urudi kwenye urefu wake. Lining'inie usiku na mchana. Likifanya kazi, mama atatembea kama zamani. Lisipofanya kazi, mfupa utaunga ukiwa mfupi."

"Mfupi kiasi gani?" Shangazi akauliza.

"Kiasi cha kutopanda lori."

Baba aliona hapo pana nafasi. Alikuwa hazipendi zile safari tangu mwanzo.

"Dada, umehangaika vya kutosha," akasema. "Ikiwa hivyo, utahamia kwangu. Hutashika jembe, hutaona lori. Utakaa barazani unamenya njegere taratibu."

"Njegere za nani?"

"Za mkwe wetu."

Shangazi alimgeukia daktari. "Mwanangu, huna jiwe kubwa zaidi?"

Basi tulijua tunachopigania. Kama mguu ungerudi, Shangazi angebaki na nyumba yake, shamba lake na kabichi zake. Usingerudi, angekuwa mgeni wa kudumu kwa mke wa kaka yangu mkubwa, maana ndiye aliyekuwa akiendesha jiko la kwetu, na hao wawili walikuwa hawajawahi kukubaliana hata juu ya kiasi cha chumvi.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Milimani watu hubeba. Njia ni nyembamba na inapanda, na mwanamke unayekutana naye ana kuni kichwani, au tenga la mapea, au mtungi. Katika ukoo wetu mtu mwenye mzigo haamkiwi. Kwanza unamtua, unauweka mzigo pembeni juu ya jiwe au ukingo wa shamba, anapumua, ananyoosha shingo, ndipo unasema shikamoo naye anaitikia marahaba yake akiwa mtu kamili. Ukimwamkia akiwa amebeba, umemdharau. Akikuitikia akiwa amebeba, amejidharau mwenyewe. Na mlinzi mkali kuliko wote wa sheria hiyo alikuwa Shangazi. Niliwahi kumwona akimpita diwani bila kumjibu kwa sababu diwani alimwamkia akiwa na debe la maji kichwani.

Wageni walikuja alasiri, saa za kutazama wagonjwa. Walikuja kwa wingi, kutoka Kwai, kutoka Bungu kwa wakwe, wengine kwa miguu tangu alfajiri, na wote walipaswa kula. Kwa hiyo saa hizo mimi nilikuwa nyuma ya wodi, kwenye banda la kupikia, nimepiga magoti napuliza moto wa kuni mbichi. Nilikuwa nikirudi na masufuria nawakuta wameshasalimiana, wameshaagana nusu, wanagawana matunda ya plamsi.

Daktari akawa anakuja asubuhi na utepe wake. Anapima mguu mzima, anapima ule mwingine, anakuna kidevu. Juma la kwanza halikumtisha. Baada ya hapo akaongeza jiwe la pili. Mguu ukawa kama hausikii. Akaongeza la tatu, dogo, akasema hajawahi kuona misuli ya mwanamke yenye ukaidi wa namna hii.

"Ni ya kubebea," Shangazi akamwambia, kwa majivuno kidogo. Lakini daktari alipoondoka aliniita karibu. "Wamepanda njegere nyingi mwaka huu kwenu?"

"Nyingi, Shangazi."

Akageukia ukutani.

Bibi, mama yake Shangazi, alisikia habari za jiwe la tatu akakasirika. Alikuwa mzee sana, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo alimshutumu daktari kwa Kishambaa kirefu na mimi nikatakiwa kutafsiri. Alikuwa akiuliza binti yake ameiba nini hata afungwe mawe kama mbuzi mtoro. Nilitafsiri kwamba Bibi anashukuru kwa huduma.

Kwenye kitanda cha pili alilala mama mmoja mchuma chai kutoka Bulwa, aliyevunjika mfupa wa bega. Mtu wa kuchunguza sana, na kwa kuwa hakuwa na wageni, wageni wetu ndio walikuwa burudani yake. Yeye alikuwa akiona kila kitu. Hakusema kwa sababu, alivyonieleza baadaye, alidhani hayo ni matibabu ya wenyeji.

Siku siri ilipofichuka ilikuwa Ijumaa. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote, moto ukanishinda, nikarudi wodini mapema mikono mitupu. Daktari naye alikuwa ameingia saa hizo za wageni kumtafuta muuguzi, na kwa adabu aliyolelewa nayo akasimama kwenye kitanda chetu.

"Shikamoo, mama."

Asubuhi alizoea kuuliza habari za mguu tu bila kuamkia, na Shangazi alikuwa amemsamehe kwa kuwa yuko kazini. Sasa alikuwa amemwamkia mbele ya ukoo mzima. Shangazi alifumba mdomo akatazama dari.

"Shikamoo, mama," daktari akarudia, kwa sauti zaidi, akidhani labda na masikio yaliumia kwenye ajali.

Shangazi akanyoosha kidevu kuelekea miguuni mwa kitanda. Daktari akatazama huko, asielewe. Hapo Bibi akaguna, akainuka, akavuta kigoda kilichokuwa chini ya kitanda, na baba yangu akaunyanyua ule mfuko wa mawe kwa mikono miwili, pole pole, kama mtu anayemtua bibi harusi, akauweka juu ya kigoda. Kamba ikalegea. Shangazi akavuta pumzi, akanyoosha shingo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Daktari alitazama kigoda. Kilikuwa na alama ya mfuko katikati, imebonyea vizuri, ya kutumika siku nyingi.

"Huwa mnafanya hivi lini?" akauliza.

"Tukiamkiana tu," baba akasema.

"Halafu mnalirudisha?"

"Tukiaga. Hatuwezi kumtua na kumtwika hapo hapo, si adabu."

"Na huwa mnaamkiana watu wangapi?"

Baba akageuka akawatazama wageni waliojaa hadi mlangoni, na wengine waliokuwa wakisubiri kwenye veranda zamu yao ya kuingia. Mama wa Bulwa akamjibu kwa niaba yake: "Daktari, hilo jiwe mchana linapumzika kuliko mimi."

Nilitegemea daktari atafoka. Alikaa tu kwenye ukingo wa kitanda cha mama wa Bulwa, akaeleza tena, taratibu, kwamba kila jiwe linapotuliwa misuli inarudi ilikokuwa, na mfupa unapanda juu ya mwenzake, na kwamba zimebaki siku chache kabla haujaanza kuunga vile vile ulivyo. Nilimtafsiria Bibi, safari hii neno kwa neno. Bibi akaketi.

Kila mtu alikuwa akimtazama Shangazi, kwa sababu sheria ilikuwa yake.

"Rudisheni," akasema.

Baba akarudisha. Kamba ikakaza, Shangazi akauma ncha ya khanga.

"Sasa sikilizeni. Kuanzia leo asiniamkie mtu. Ingieni kama ng'ombe, kaeni, semeni lililowaleta, tokeni."

"Dada, haiwezekani," baba akasema. "Watu watatuonaje?"

"Watakuona unatafuta mmenya njegere."

Zile wiki zilizofuata zilikuwa za taabu kwa ukoo. Watu wazima waliingia wodini wakasimama na mikono yao, hawajui waanzie wapi. Shemeji yake mmoja wa Bungu alishindwa kabisa. Alikuwa ametembea safari nzima na shikamoo yake, kurudi nayo hakuweza, basi akageuka akamwamkia mama wa Bulwa. Jambo hilo likawapendeza wengine. Baada ya muda kila aliyeingia alikuwa akimpa mama wa Bulwa heshima zote, habari za nyumbani, za mifugo na za watoto, ndipo anakaa kwa Shangazi kimya. Mama wa Bulwa alianza kufunga kilemba alasiri. Akawa anaitikia kwa madaha, akiwapa marahaba hata watu waliomzidi umri.

"Huyo anawaitikia kama nani?" Shangazi alininong'oneza.

"Umekataza mwenyewe, Shangazi."

"Nimekataza kuamkiwa. Sijamteua mtu."

Nadhani wivu nao ulivuta mguu. Utepe wa daktari ukaanza kuleta habari njema, kidogo kidogo. Mama wa Bulwa aliruhusiwa kabla yetu, akatuaga kwa huzuni ya mtu anayevuliwa cheo. Baadaye chuma kikatolewa, zikaja fimbo, zikaja siku za kuzunguka veranda akimtukana kila aliyenyoosha mkono kumsaidia. Mguu ulibaki mfupi kwa upana wa kidole. Daktari alisema angependa ungekuwa bora zaidi. Shangazi akamwambia kwamba shamba lake liko kwenye mteremko na kidole kimoja hakitaonekana.

Gari lilituacha barabarani chini, maana juu kwetu haliendi. Baba alikuwa amekuja na vijana wanne na kitanda cha kamba ili wambebe. Shangazi alikitazama kile kitanda, akawaambia warudi nacho kwa aliyewaazima. Kisha akatuamuru tutangulie sote, mimi, baba na vijana. Nyuma asibaki mtu, hakutaka mtu amtazame anavyokanyaga.

Tulipanda. Baba alikuwa akitaka kugeuka kila hatua, namvuta koti. Hatukumwona, ila tulimsikia. Alikuwa akigombana na mawe ya njiani, kila moja kwa wakati wake, na sauti ilikuwa inakuja, inasimama, inakuja tena. Penye mwinuko wa mwisho ilinyamaza muda mrefu hata baba akakaa chini akafunika uso. Halafu tukasikia jiwe jingine likitukanwa, karibu kuliko tulivyotarajia.

Alitokeza kwenye kona na fimbo moja. Ya pili sijui aliitupa wapi. Hakututazama. Alisimama penye ukingo wa shamba lake, akahema, akalipitisha jicho juu ya matuta.

"Nani," akauliza, "amekuwa akikata kabichi zangu?"