Kisima Kisichokuwa na Wateja

Kabla sijahamia Ifakara nilikata miwa kwenye shamba la sukari, nikilala chumba kimoja na Mnyakyusa mmoja aliyekoroma kama trekta inayokataa kuwaka. Mtu mwema lakini, na wali wake ulikuwa mtamu. Sasa, pale kambini bomba lilikuwa la shamba. Nilipofukuzwa, maana niligombana na mnyapara na kosa lilikuwa langu, jioni ileile nikakatazwa kuchota. Nikaapa sitakunywa tena maji ya mtu.

Ndiyo maana mtaani kwetu Ifakara nilikuwa wa kwanza kushika sururu tulipochimba kisima. Utaratibu ulikuwa mmoja: ukihamia, kabla ya ndoo ya kwanza unashuka chini kuzoa tope. Ukishatoka huko, kisima ni chako kama kilivyo changu.

Basi miaka ya tisini akaja bwana mmoja wa idara ya maji, na kufuli mkononi. Akatueleza sheria, kwa upole kabisa: anayewapa maji watu wasio wenye kisima anahudumia umma, na lazima awe na kibali. Kibali hatukuwa nacho. Akifunga, tunarudi kunywa maji ya mto, na watoto wetu kuharisha.

"Hapa hakuna umma," nikamwambia. "Sote ni wenyewe."

"Mzee, nikimpata mmoja tu asiye mwenyewe, nafunga."

Akamwendea mama wa Kipogoro aliyekuwa anachota. "Shikamoo mama. Kisima cha nani hiki?"

"Marahaba. Changu."

Akamuuliza katekista wetu. "Changu, mwanangu. Nawe ukikitaka, vua viatu ushuke."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nyuma ya katekista alisimama Msukuma mgeni na ng'ombe wake, na sikujua kama alishashuka.

"Wewe umehamia lini?" bwana wa maji akamuuliza.

"Juzi."

"Basi wewe ni mteja."

"Mteja?" Msukuma akakunja suruali. Tope la kijivu, lile la chini kabisa, lilikuwa limemkaukia hadi magotini. "Mgongo unaniuma tangu jana kwa ajili ya kisima hiki, halafu uniite mteja? Changu!"

Akina mama wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka. Bwana yule akatazama ile miguu, akatia kufuli mfukoni, akaaga vizuri, akashika njia ya mjini. Hakurudi tena.