Pasi za Jumapili Asubuhi

Jumapili ile naikumbuka, mwanangu, kwa baridi yake na kwa ujinga wangu. Ilikuwa Julai, na Julai ya huku kwetu Chamwino unaijua, upepo unaingia hadi kwenye mifupa. Dada yako Neema alikuwa na siku mbili tu duniani. Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, na wauguzi wa zahanati walikuwa wamemlaza kwenye mashine ya umeme ya kumpa joto. Mama yako alikuwa naye huko.

Mimi nilibaki nyumbani kujiandaa kwenda kanisani. Wanakwaya sisi kwa kupendeza! Jumapili asubuhi kila nyumba yenye umeme ilichomeka pasi, wote saa ile ile, kama tumegongewa kengele. Nami, kwa majivuno ya umeme mpya, nikawasha pasi, nikawasha na jiko la koili nichemshe maji ya kuoga, na taa za nje zinawaka jua limeshatoka. Mara balbu ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa la moto. Nikaanza kuwatukana watu wa umeme.

Shangazi Tabu, dada wa baba yangu, akaingia akihema, ametoka zahanati.

"Shikamoo, shangazi."

"Acha salamu! Waya wa zahanati ndio huu wetu, umeme hauna nguvu, mashine ya mtoto imezimika. Mama yake amemkumbatia kifuani, mtoto anapoa. Na wewe unapiga pasi?"

Loo! Nilikosa hata pa kuuweka uso. Akaichomoa pasi mwenyewe, akazima jiko, akatoka. Shangazi, na magoti yake mabovu, akapita nyumba hadi nyumba: "Zimeni pasi jamani, kichanga cha Yohana kinapata baridi!" Mimi nilimfuata nyuma. Hakuna aliyebisha. Tulipofika nyumba ya mwisho, balbu yao ikawaka nyeupe. Nikakimbia zahanati, nikakuta mashine inafanya kazi, Neema amelazwa tena. Nililia mbele ya wauguzi, wala sikujali.

Siku hiyo kwaya iliimba na nguo zenye makunyanzi. Aliyenyooka ni shangazi peke yake. Yeye alipiga pasi za wiki nzima Ijumaa mchana, watu wakiwa shambani, akianza na nguo nzito; akishachomoa, joto lililobaki linamalizia leso na vitambaa vyepesi. Maharage aliyaloweka, akayachemsha kidogo, kisha akafukia sufuria kwenye kapu la matambara, yakaiva yenyewe. Tulikuwa tukimwita bahili. Bahili gani! Alikuwa anawafikiria wenzake wa waya mmoja. Akili kama ile sijaiona hata kwa waliosoma, na mpaka leo nampenda kwa hiyo.

Sasa wewe umeingiziwa umeme juzi. Nunua balbu zinazokula umeme kidogo. Usichotumia, zima. Pasi na jiko vipangie saa ambazo wenzako hawajawasha vyao. Gridi ya taifa ni kubwa siku hizi, ndiyo, lakini inatulisha wote, na unachokiacha kwenye waya kinamfikia mtu usiyemwona. Siku ile kilimfikia Neema, huyu huyu anayenigombeza leo nikisahau taa ya nje.

Mungu aijalie nyumba yako mwanga na vicheko, mwanangu, na popote alipolazwa kichanga cha mtu, joto lisimkatikie kwa sababu yako.