Marahaba Kabla ya Shikamoo

Simu ya mezani ya mama mkubwa, pale Ruhuwiko, ilikufa siku waya zake zilipoibwa. Aliendelea kuifunika kitambaa cha kufuma kana kwamba itaamka. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Nakapanya, nilikokuwa nikishinda kwa fundi simu wa barabarani na kumuuliza maswali mpaka akanichoka. Nikamletea mama mkubwa simu ya kupigia kwa intaneti, nikamuungia bando.

"Wewe uliyekimbia shule ndiye unifundishe simu?"

Aliipokea hata hivyo. Binti yake alikuwa India kufanyiwa upasuaji wa moyo, na aliahidi kupiga kabla ya kuingizwa.

Asubuhi ya upasuaji simu ikaita. Namba ngeni. Mama mkubwa akapokea, akasikiliza kidogo, akakata.

"Nani?"

"Tapeli. Anajifanya mwanangu. 'Mama, ni mimi.' Shikamoo hakuna!"

"Mama mkubwa, huyo ndiye!"

"Mwanangu hawezi kuongea na mimi bila kuniamkia. Hata awe anakata roho."

Nikaipiga ile namba. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Huenda aliazimwa simu na muuguzi. Huenda kitanda kilikuwa kinasukumwa tayari.

Nikatoka uani, nikampigia mama mkubwa kwa intaneti vilevile, nijue kulikoni. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Na wewe adabu umeiacha Nakapanya?" akafoka kutoka ndani.

Hapo nikaelewa. Mtandao ulikuwa unameza neno la kwanza la anayepiga, na kwetu neno la kwanza ni hilohilo. Nikakata, nikaingia mbio.

"Mtandao unakula shikamoo. Ikiita tena, wewe itikia tu."

"Niitikie nini nisichokisikia?"

Ikaita. Namba ileile. Kidole chake kikateleza pembeni mwa kioo. Nikakishika, nikakipeleka kwenye alama ya kijani, kisha ya spika.

"Marahaba!" akapaza sauti.

Sauti ya binti yake ikaja: "Mama, mbona ulinikatia?"

"Nilidhani tapeli. Nenda, mwanangu. Nakuombea hapa hapa nilipo."

"Wananiita, mama." Ikakatika.

Saa za kungoja zikaanza. Simu aliilaza juu ya kile kitambaa, akanikataza hata kuigusa. Mchana umeme ukakatika, nikawa naichungulia chaji inavyoshuka.

"Ile ya mezani haikuwa na habari na umeme," akasema bila kunitazama.

Nilizunguka uani, nikarudi, nikatoka tena.

Jioni ikaita. Alikipata kitufe mwenyewe, na cha spika pia.

"Marahaba," akasema taratibu, amefumba macho.

Nilimwona akikunja ncha ya kanga kiganjani. Kisha ikaja sauti ya mtu aliyekaukiwa koo:

"Lakini mama, sijakuamkia bado."

Mama mkubwa akakaa chini palepale sakafuni.

"Basi niamkie," akasema. "Nasikia."