Bahari Iliyoletwa kwa Bidoni

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Alinifuata hadi kwetu Goma, mtaa wa Mapendo, na mwaka haujaisha akaanza kusema anataka kwenda kwao kupumzika. Kwa muda gani, hakusema. Ziwa letu alilitazama akauliza, maji gani haya yasiyo na chumvi. Na mama yangu, tunayekaa naye nyumba moja, alikuwa akimwita "mugeni" tu. Niliogopa, nisifiche. Akienda huyu, nilijiambia, harudi.

Basi nikashikwa na wazimu wa kumletea bahari nyumbani. Fundi wa vioo akanitengenezea sanduku la kioo, nikapanga ndani mawe meusi ya volkano, ambayo kwetu unayaokota uani. Binamu yangu, dereva wa lori la Mombasa, akanijazia maji ya bahari kwenye bidoni, yale madumu ya plastiki, na ndoo yenye samaki wawili wa milia pamoja na pompe, pampu ndogo ya kuwapa hewa njiani. Mpakani Bunagana, watu wa duane, yaani forodha, walifungua bidoni wakidhani ni pombe. Mmoja akaonja, akatema, akamuuliza binamu yangu kama ana akili timamu.

Mzigo ulifika asubuhi. Nikauacha jikoni, nikaenda kumtafuta fundi wa umeme wa kuunganisha pompe. Niliporudi nikamimina maji, nikawaingiza samaki, nikamwita mke wangu.

"Vitatange!" akapiga makofi. "Jamani, vitatange Goma!"

Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aje. Lakini hata chai yangu haijapoa, samaki wakaanza kwenda mrama. Mara wanapanda juu kuhema, mara wanajigonga kwenye kioo. Mmoja akalala ubavu juu ya jiwe. Nini tena? Nikashuku mawe, nikayatoa. Nikashuku gundi. Nikampigia binamu yangu simu nikamfokea kwamba amechota maji ya ziwa akatia chumvi ya jikoni. Akanitukana, akakata. Haki yake. Kichwa changu kilikuwa kimevurugika kabisa.

Mke wangu akainama juu ya maji.

"Mbona bahari inanuka dawa?"

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Wala hakuinua kichwa.

"Dawa niliweka miye."

Kwetu maji tunachota ziwani, na kila bidoni hutiwa kloro kwanza, kwa sababu ya kolera, yaani kipindupindu. Mtoto wa Goma anajua hilo kabla hajajua kusoma. Na mimi, mtoto wa Goma, halikunijia.

"Mama, haya si ya kunywa!"

"Nijue namna gani? Ulisema maji ya kwao. Nikasema, atayakunywa. Kolera ilishaniuwia mutoto moja, haitaniuwia wa pili." Akamwelekezea mke wangu kidevu. "Juu yake huyu, asiugue, niliweka mara mbili."

Samaki wa pili naye akageuka tumbo juu. Nilitaka kupiga kelele, sikujua nimpigie nani.

Mke wangu akavuta kigoda, akaketi karibu na mama, akachota maharage kwenye ungo.

"Mama, kwetu yale hayanywewi. Tunaogelea tu."

"Na chumvi yote ile?"

"Na chumvi yote."

Mama akacheka hadi akajifuta macho. "Utanipeleka nione, mutoto yangu?"

"Nitakupeleka, mama. Tutakaa wiki, halafu turudi."

Nilisikia vizuri, lakini niliogopa hata kuuliza asije akabadili neno. Nilikuwa nimesimama na samaki wafu kwenye kijiko cha supu, machozi yananitoka, na wale wawili walikuwa wanabishana kama maharage yale yatatosha kwa jioni.